Faini ya Kodi ya Nyumba ni Riba, Tusiipambe



Mliozoea kunisoma kwenye magauni ya harusi na madira ya Idi mtanisamehe, leo cherehani naifunika. Nataka tuzungumze juu ya faini ya kuchelewesha kodi ya nyumba. Siku hizi inaandikwa kwenye mikataba ya vyumba kama kitu cha kawaida kabisa: kodi ni tarehe moja, ikifika tarehe tano hujalipa, elfu mbili kwa kila siku inayopita. Na wanaoiandika wengi ni sisi wanawake. Tunasali, tunafunga Sunna za Jumatatu na Alhamisi, mkopo wa benki tunaukimbia kwa kuogopa riba, kisha tunarudi nyumbani tunaidai riba ile ile kwa mpangaji wetu wa chumba cha uani.

Nasema wazi, na atakayekasirika akasirike kwa ajili ya haki: faini ya kuchelewa kodi, mwenye nyumba akiitia mfukoni mwake, ni riba. Kuiita faini, usumbufu au gharama za ufuatiliaji hakuibadilishi.

Na kabla hujasema "huyu hajui uchungu wa kupangisha", nina vyumba vitatu hapa Lingeka, Bariadi. Nimevijenga kwa pesa ya kushona, tofali kwa tofali. Najua ilivyo kumpigia mtu simu mara nne hapokei, halafu jioni unamkuta anakula chipsi kuku barabarani. Rafiki zangu wameniambia zaidi ya mara moja, "Weka faini wewe, utaona wanavyolipa mbio." Sikuiweka, na hizi ndizo sababu.

Tufanye hesabu

Chukua chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Faini ni 2,000 kwa siku. Siku 20 zikipita, faini imefika 40,000, sawasawa na kodi yenyewe. Siku 30 zikipita, faini ni 60,000. Mpangaji sasa anadaiwa 100,000 kwa mwezi mmoja wa kulala kwenye chumba cha 40,000.

Niulize kama fundi: ile 60,000 imenunua nini? Mimi nikikushonea gauni, unalipa kitambaa, uzi na kazi ya mikono yangu. Ukichelewa kuja kulichukua, gauni haliongezeki shanga. Chumba nacho kimeshauzwa kwa 40,000. Hiyo ndiyo bei ya kukaa humo. Mwezi ukiisha na pesa haijatoka, ile 40,000 imeshakuwa deni shingoni mwa mpangaji. Kila unachoongeza juu ya deni kwa sababu siku zimepita, unauza siku. Na siku si zako, ni za Allah.

Riba iliyokuwa maarufu zama za ujahiliya ilikuwa hivi hivi. Deni linafika tarehe yake, mdai anamwendea mdaiwa, anamtaka achague: alipe au aongeze. Sura ya Aal Imran aya ya 130 ikakataza kula riba inayozidishwa juu ya kuzidishwa. Itazame tena hesabu yangu ya 40,000 na 60,000, kisha niambie tofauti iko wapi.

Wala si maneno ya fundi cherehani peke yake. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikutana Jeddah mwezi Machi mwaka 1990 likazungumzia mauzo ya malipo ya awamu. Likaamua kwamba mdaiwa akichelewa, haifai kumtoza chochote juu ya deni lake, awe alikubali sharti hilo mwanzoni au hakulikubali, kwa sababu ni riba. Mwaka 2000, huko Riyadh, baraza hilo hilo likaeleza kwamba sharti la adhabu katika mikataba linaweza kukubalika, isipokuwa pale jambo lenyewe linalodaiwa ni deni la fedha. Kodi iliyopita tarehe ni nini kama si deni la fedha?

"Lakini amesaini mwenyewe"

Hili ndilo jibu ninalolisikia kuliko yote. Amesaini, ana akili timamu, hakushikiwa panga.

Dada yangu, hata mwanamke anayechukua mkopo wa kausha damu husaini. Huweka na alama ya dole gumba, na picha ya kitanda chake na televisheni yake. Je, kusaini kwake kumeifanya ile riba kuwa halali? Ridhaa ya watu wawili haiwezi kuhalalisha alichokiharamisha Mola wao. Waislamu tunafungwa na masharti yetu, ndiyo, isipokuwa sharti linalohalalisha haramu au kuharamisha halali. Sehemu hii ya pili wenye nyumba huwa hatuimalizii.

Na hata mahakamani usidhani karatasi yako ni msumeno. Sheria ya Mikataba ya Bara inasema mkataba ukitaja kiasi cha adhabu, aliyevunjiwa mkataba hupata fidia inayostahili, isiyozidi kiasi kile kilichotajwa. Hiyo elfu mbili kwa siku si lazima hakimu akupe yote. Tena Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, inayotumika huku Bara, inazungumzia kodi kupita siku 30 bila kulipwa ndipo mwenye nyumba atoe taarifa ya maandishi ya kusudio la kuvunja mkataba. Sasa wewe siku ya sita umeshapiga kufuli mlango wa mtu na watoto wake wako nje na madaftari. Umeitoa wapi haki hiyo?

Tarehe moja ya nani?

Huku Usukumani pesa ina msimu. Pamba inapandwa mvua zinapoanza, mwishoni mwa mwaka, na soko lake hufunguliwa kuanzia mwezi wa tano. Ndipo mkulima anashika noti, na si mkulima peke yake. Mwenye duka la vitenge, mama lishe, fundi baiskeli, bodaboda, mimi fundi nguo, wote tunaishi kwa pesa ya pamba inavyozunguka mjini. Ikifika Desemba na Januari mji umekauka.

Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mpangaji amelipa mwezi wa saba, pamba imeuzwa, mambo mazuri. Miezi sita inaisha Desemba. Kodi mpya inadaiwa Januari, mwezi ambao shule zinafunguliwa, sare na madaftari vinatakiwa, palizi shambani inataka vibarua, na mavuno bado miezi kadhaa. Umeweka tarehe ya kulipa siku ambayo unajua kabisa hatakuwa na pesa, halafu unamtoza faini kwa kutokuwa na pesa. Huo ni mtego wa panya.

Kwa mtumishi ni hivyo hivyo kwa namna nyingine. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012 na Bariadi kuwa makao makuu yake, walimu, manesi na makarani wengi wamekuja kupanga huku. Mwalimu analipwa kwa mwezi, wewe unataka ya miezi sita. Atoe wapi? Anakwenda kwa kausha damu. Riba uliyoikimbia benki umemsukumia yeye, na akichelewa unaongeza ya kwako juu yake. William Lukuvi alipokuwa Waziri wa Ardhi aliwahi kusema hadharani kwamba utaratibu wa kudai kodi ya miezi sita au mwaka mzima unawaumiza wapangaji. Lakini mimi na wewe hatuhitaji kusubiri waziri. Kalamu ya mkataba iko mkononi mwetu.

Tarehe ya kodi iwekwe kwa kumuuliza mpangaji: wewe pesa yako inaingia lini? Mtumishi, siku chache baada ya mshahara. Mwenye biashara ndogo, kila mwezi au hata nusu mwezi. Mkulima, alipe sehemu kubwa kwenye msimu, wakati mkononi anacho. Hiyo haikupunguzii hata shilingi, na ugomvi nusu umeshaumaliza.

Mjane ndani ya eda

Nije kwenye lililonifanya niandike.

Mteja wangu mmoja alifiwa na mume. Mume ndiye aliyekuwa akilipa kodi. Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na hapo hapo alipofikiwa na msiba ndipo anapotakiwa kukaa. Wiki ya tatu ya msiba, matanga hayajapoa, mwenye nyumba akabisha hodi na daftari: kodi ya miezi miwili, na faini ya kila siku tangu marehemu alipoanza kuugua. Faini ilikuwa imeipita kodi. Mwenye nyumba mwenyewe mwanamke, mwenye ushungi kichwani, na alikuja kwenye hitma akala pilau.

Mjane yule aliuza cherehani yake ili asihamishwe kabla ya eda kuisha. Cherehani ile mimi ndiye niliyemchagulia. Leo eda imeisha, nyumba amekaa, kazi hana.

Tupange jambo hili vizuri, maana linaweza kumfika yeyote kati yetu. Kodi aliyoiacha marehemu bila kuilipa ni deni la marehemu. Inatolewa katika mali yake kabla warithi hawajagawana, kama madeni mengine yote. Anayetakiwa kuulizwa ni msimamizi wa mirathi na ndugu wa mume, si mwanamke aliyekaa mkekani na nguo ya msiba. Kodi yenyewe dai, ni haki yako. Faini usiiguse. Sura ya Al-Baqara aya ya 280 imeamrisha mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kwamba kumwachia kabisa ni kheri zaidi kwa anayedai. Aya hiyo imekuja pamoja na aya za kukataza riba, ubavu kwa ubavu. Kama mjane ndani ya eda si mwenye dhiki, basi dhiki haipo duniani.

Dada zangu wa visiwani mna historia yenu katika hili. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo, Unguja, waligoma kulipa kodi ya ardhi walizojengea nyumba zao, kwa sababu kodi ilikuwa imepandishwa kupita kiasi. Wenye nyumba hizo wengi walikuwa wanawake, na wanawake walisimama mstari wa mbele katika mgomo ule. Bibi zetu walijua kwamba kodi ya nyumba ni jambo la mwanamke, kwa sababu paa likiondoka, wa kwanza kunyeshewa ni yeye na watoto. Ajabu ni sisi wajukuu, tulioshika ufunguo sasa, kuwafanyia wenzetu yale yale.

Na wewe mwenye nazo usiyelipa

Wapangaji msinipigie vigelegele bado.

Yupo mpangaji ambaye anacho na hatoi. Mtume swalla Allahu alayhi wasallam amefundisha, katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba mwenye uwezo kuchelewesha deni ni dhulma. Ni dhulma ile ile ya kumnyima fundi ujira wake.

Mimi ndiye ninayewashonea sare za harusi, kwa hiyo nawaona. Mtu ana deni la kodi la miezi miwili, lakini sare ya kitchen party ameshalipia, ya singo ameshalipia, ya harusi yenyewe bado kilemba tu. Shughuli tatu, magauni matatu, na mwenye nyumba anaambiwa "hali ngumu mama, nivumilie". Kushona mje, ndiyo riziki yangu, sitaki mnifungie duka. Lakini mwenye nyumba wako naye ni mtu. Pengine ni mjane ambaye chumba kile ndicho alichoachiwa na mume, na 40,000 yako ndiyo unga wake wa mwezi. Ukimla haki yake huku umevaa satini, usidhani swala yako ya usiku itakulipia.

Aliye na dhiki kweli aseme mapema. Usizime simu. Nenda tarehe haijafika, useme ninayo elfu kumi na tano, iliyobaki nitaileta siku fulani. Mwenye nyumba anachokasirikia mara nyingi si pesa, ni kudharauliwa.

"Basi nitawabana vipi?"

Swali la haki. Anayekataza faini lazima aseme kiwekwe nini, na njia za halali zipo tele:

Kwanza, andika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, Al-Baqara 282, ni ya kuandika deni na kuweka mashahidi. Andika kiasi, tarehe, na siku ngapi za kungojea baada ya tarehe. Mimi nimeweka siku saba.

Pili, chukua amana ya mwezi mmoja anapoingia. Asipolipa, inakatwa humo. Akihama hadaiwi, anarudishiwa yote. Ni pesa yake, si zawadi kwako.

Tatu, taka mdhamini: kaka yake, mwajiri wake, mtu anayejulikana mtaani. Mdhamini anaogopwa kuliko faini.

Nne, akirudia rudia kuchelewa na uwezo anao, usiongeze mkataba. Mpe taarifa ya maandishi, fuata sheria, pitia kwa mwenyekiti wa mtaa, ahame kwa heshima na deni lake limeandikwa. Kumtoa mtu kwa utaratibu ni haki yako. Kumnyonya angali ndani si haki yako.

Tano, kama kodi yako ni ndogo, ipandishe mkataba mpya unapoanza, aione na aikubali. Bei ya chumba ni yako kuipanga. Bei ya kuchelewa huna.

Wapo watakaosema baadhi ya wanazuoni wameruhusu mdaiwa aahidi kutoa sadaka akichelewa kwa makusudi. Ni kweli, na taasisi za fedha za Kiislamu hutumia njia hiyo. Lakini sikiliza sharti lake: pesa hiyo inakwenda kwa masikini, mdai hafaidiki hata senti, na hatozwi aliyeshindwa kwa dhiki. Ukitaka njia hiyo, iandike hivyo hivyo na risiti ya sadaka mpangaji aione. Nikiwaambia hivi wenye nyumba wenzangu, hamu ya faini hupotea mara moja. Hapo unajua ilikuwa ya nini.

Bibi harusi, hili ulize kabla ya nikah

Mtarajiwa wangu, tunakuuliza rangi ya shela, tunakuuliza mahari, hakuna anayekuuliza utalala wapi na kodi yake ni lini. Makazi ya mke ni juu ya mume, kwa kadiri ya uwezo wake. Hata mke aliyeachwa Sura ya At-Talaq aya ya 6 imemwamrisha mume amweke anapokaa yeye. Basi kuuliza si tamaa, ni haki yako. Kama unaona haya, mtume walii wako au shangazi. Yaulizwe haya:

Tumepanga au tumejengewa? Mkataba una jina la nani? Kodi ni kiasi gani na tarehe yake ni ipi? Kuna kipengele cha faini? Kuna deni la nyuma? Na siku wewe ukikosa, tutafanyaje?

Hilo la mwisho ni kwa wenye biashara kama sisi, maana wengi tunaishia kulipa kodi kimya kimya kwa kumsitiri mume. Ni wema mkubwa. Lakini semeni mapema: hii ni hisani yangu kwako, au ni deni utanirudishia? Msipoyasema leo, mtayasema kwa kadhi kwa sauti ya juu.

Na mkikuta kipengele cha faini kwenye mkataba, mwombeni mwenye nyumba akifute kabla ya kusaini. Mwambieni kwa adabu, "Mama, tutakupa amana ya mwezi mmoja na mdhamini, hii faini tusiingie nayo kwenye nyumba mpya." Wengi watakubali. Hawajawahi kuambiwa tu.

Nawe mama mwenye nyumba, mkataba uko kabatini. Utoe usiku huu, soma kipengele cha faini, ukikate kwa kalamu, utie saini pembeni na mpangaji wako atie yake. Kama mwaka huu ulishakula faini ya mtu, mrudishie hata kidogo kidogo, au mkatie kwenye kodi ya mwezi ujao. Itakuuma mfuko kwa mwezi mmoja tu, inshaallah, na kodi itakayobaki ni halali yako yote.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullah.